Goti Lililosema Uongo

Mwaka ule watu wa ng'ambo ya mto Rupingazi waliondolewa mashambani mwao wakabanwa katika kijiji kimoja kama mbuzi wa mnadani, na tangu siku ile mgonjwa akawa ni mtu wa aina moja tu: anayetoka damu. Mwenye damu alipewa kibao. Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha ubao upana wa kiganja, kimechomwa alama ya msalaba kwa chuma cha moto, kikivaliwa shingoni kwa kamba. Aliyekivaa alibaki kijijini. Wengine wote, kipenga kikilia asubuhi na ukungu haujainuka, walijipanga na majembe yao kwenda kuchimba handaki la mpakani mwa msitu, lile ambalo serikali ilisema litawatenga wapiganaji wa msituni na chakula. Homa haikuwa na kibao. Mgongo haukuwa na kibao. Mimba ilipata kibao siku ya kujifungua.

Aliyegawa vibao ni Kathuri, mzee wa kijiji, na kama udugu ungekuwa na maana Rwamba asingepata taabu, kwa kuwa Kathuri alizaliwa tumbo moja na mumewe, Munyi. Lakini Munyi alipotiwa kwenye lori kupelekwa kizuizini Manyani, ndugu yake hakungoja hata vumbi la lori litulie. Alichukua ng'ombe wawili, akasema anawatunza. Akachukua shamba la kahawa, akasema analilinda. Kisha akaja kwa Rwamba mwenyewe, jioni moja, amevaa koti la serikali, akakaa kwenye kigoda cha kaka yake bila kukaribishwa. Rwamba akamwambia kwamba mumewe amefungwa, hajafa, na mlango ule una mwenyewe. Kathuri alitoka akicheka. Kicheko kile kilimfuata Rwamba miaka yote iliyobaki ya ile hali ya hatari iliyoitwa Emajensi.

Binti yao wa pekee, Wawira, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Handakini mama alichimba, mtoto akajitwika karai la udongo na kulipandisha ukingoni. Mwezi wa pili wa kazi hiyo, Wawira akaanza kuburuta mguu wa kulia.

"Goti, mama," alisema. "Goti linauma."

Rwamba alilitazama goti. Halikuvimba. Alilishika, halikuwa na joto. Akadhani ni uvivu wa mtoto anayekua, na siku moja, mbele ya wanawake wenzake, alimzaba kofi kwa sababu walinzi walikuwa wameanza kuwatupia macho. Jioni akajuta. Akachukua mafuta ya mbarika akalikanda goti lile, kama mama yake alivyokuwa akimkanda yeye. Alikanda siku tatu. Alikanda wiki tatu. Akamwambia mtoto achuchumae na kuinuka, achuchumae na kuinuka, ili goti lilainike. Wawira alichuchumaa na kuinuka huku machozi yakimtiririka bila sauti, na kila asubuhi alichechemea kuliko jana.

Mkono wa Rwamba uliishia pale pale kila siku, kwenye pindo la nguo, kidole kimoja juu ya goti. Haukupanda zaidi. Kwao, msichana akishaota matiti, mama yake hamfunui tena mapaja. Hiyo ni kazi ya nyanya au ya shangazi, na mama akiifanya amevunja thoni, ile heshima yenye woga ndani yake, inayomtenga mzazi na mwili wa mtoto mkubwa. Nyanya yake Wawira alikufa wiki ya pili baada ya kuhamishwa. Shangazi alifungiwa kijiji kingine. Basi paja la mtoto likakosa mwenyewe.

Kila Jumamosi Kathuri alimwandikia Rwamba pasi ya kwenda mjini Embu. Haukuwa wema. Alikuwa na kuni za kuwauzia wenye maduka, na mgongo wa Rwamba ulikuwa punda wake wa bure. Mnunuzi mmoja alikuwa Idrisi, mwenye bucha kule Majengo, mtu mnene mwenye kofia nyeupe. Mke wa Idrisi, Mwanarusi, alikuwa mkandaji. Wapagazi, madereva, akina mama waliojifungua, hata makarani wa bomani walimjia kwa mlango wa nyuma.

Jumamosi moja Mwanarusi alikuwa uani akichambua mchele. Alimtazama Rwamba akitua mzigo na kuvua ukanda wa ngozi kwenye kipaji cha uso.

"Wee mama wa kuni, njoo hapa. Shingo inakuuma upande wa kushoto."

Rwamba hakuwa amesema neno. "Nani ameambia wewe?"

"Bega lako. Limepanda juu kama linataka kusikiliza sikio linasema nini."

Akamkalisha. Rwamba alingoja shingo yake ishikwe, lakini vidole vya yule mama vilishuka mpaka chini ya bega, pembeni ya uti wa mgongo, vikagusa mahali ambapo hapakuwa pakiuma hata kidogo, mpaka vilipobonyeza. Rwamba akaona nyota mchana. Muda si mrefu shingo ikageuka yenyewe, kama mlango uliotiwa mafuta.

"Shingo ilikuwa inalia tu," Mwanarusi akasema. "Mwenye kosa alikuwa huku chini, amenyamaza kama mwizi."

Ndipo Rwamba akamkumbuka mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza na kununua, lakini akakikusanya chote. "Mtoto yangu iko na mguu mbaya."

"Mguu wapi?"

"Ya kulia."

"Sikuulizi kulia wala kushoto. Mguu kwa Kiswahili unaanzia kwenye kucha, unaishia kiunoni. Ni kama kumwambia Idrisi akupimie ng'ombe. Unataka paja? Unataka kwato? Sema."

"Goti."

"Limevimba? Lina joto?"

"Hapana. Akilala, mimi nakunja, linakunjika muzuri."

Mwanarusi aliweka ungo chini. "Akitembea, vidole vya mguu vinatazama wapi?"

Rwamba alifumba macho, akamwona Wawira akiupanda ukingo na karai kichwani. "Inje," akasema polepole. "Kama bata."

"Na paja lake likoje? Limekonda? Linalingana na la pili?"

Rwamba akaanza kuukunja ukanda wake wa ngozi.

"Nakuuliza paja."

"Sijaona."

"Hujaona? Ulimzaa au ulimwokota mtoni?"

"Ni thoni, mama."

"Ndiyo nini hiyo, haya?"

"Ni kubwa kuliko haya."

"Haya," Mwanarusi akasema, akainuka akijikung'uta pumba. "Basi kaa na haya yako, na mtoto akae na kilema chake. Au nifuate buchani."

Buchani mguu wa nyuma wa mbuzi ulikuwa ukining'inia, na nusu ya nyonga bado imeshikana nao. Mwanarusi akaomba kisu.

"Mke wangu," Idrisi akasema, "hiyo ni nyama ya wateja, si ubao wa shule."

"Wateja wako wamefungiwa vijijini. Lete."

Akapasua kiungo cha nyonga, akakifungua. Ndani mlikuwa na kichwa cha mfupa, cheupe, cha mviringo, chenye utelezi, kimekaa katika kikombe chake. Akakizungusha ili Rwamba akione kikienda huku na huku. Kisha akaonyesha kwa ncha ya kisu mahali kichwa kile kinaposhikana na mfupa wa paja. Kwa mtoto anayekua, alisema, hapa hapajakauka, ni gegedu kama la sikio. Mtwike mzigo mzito kila siku, na kichwa kinaanza kuteleza, kama kofia ya mlevi.

"Na nyonga ikiumia, goti ndilo linalolia. Usiniulize kwa nini, aliyepitisha njia humo ni Mungu. Goti ni shahidi wa uongo. Mimi nikiwa bado najifunza kwa mama yangu, nilimkanda msichana mmoja goti miezi miwili. Nilikuwa na nguvu, najisifu. Leo anatembelea mkongojo, na nikikutana naye njiani napita upande wa pili."

Wakarudi uani. Mwanarusi akalala chali mkekani, akampa Rwamba mguu wake. Alimfundisha kukunja goti na kulipeleka taratibu kuelekea kifuani. Kila Rwamba aliposukuma alipigwa kofi mkononi. "Ongoza, usisukume. Mikono isikilize. Na uanze na mguu mzima. Mguu mzima ndio utakaokuambia ule mgonjwa umekosea wapi." Alimpitisha mwili mzima siku hiyo na Jumamosi zilizofuata: wapi kano linapita, wapi mshipa wa damu unapiga, misuli ipi hukaza kwa sababu imeumia na ipi hukaza kwa kumlinda jirani yake. Walipofika kwenye wayo akabonyeza ukingo wa nje, karibu na kisigino. "Hapa hakuna mfupa wala kano wala mshipa mkubwa. Ni nyama tupu. Hapa hata mjinga hawezi kuharibu kitu."

Lakini hayo ya wayo yalikuja Jumamosi ya pili. Jumapili ile ya kwanza Rwamba alikuwa na jambo moja tu. Alifunga mlango, akanawa mikono mara mbili ingawa haikuwa michafu.

"Lala chali," alimwambia Wawira. "Nitakufunua."

Wawira alimtazama kana kwamba mama yake amesema atatembea uchi sokoni. Kisha akalala, akajifunika uso kwa mkono. Rwamba akapandisha nguo. Paja la kulia lilikuwa limekonda, hata kipofu angejua. Akaanza na mguu wa kushoto, akaukunja, akauongoza, na goti likaja moja kwa moja kuelekea kifuani. Akaushika wa kulia. Aliuongoza kama alivyofundishwa, asisukume, na ulipofika nusu ya njia mguu ule ukamkataa. Uligeuka nje wenyewe, goti likatazama ukuta. Akaurudisha chini. Wiki tatu alikuwa ameukanda uongo. Wiki tatu alikuwa amemchuchumaza mtoto juu ya kofia ile inayoteleza.

"Ni nini, mama?"

"Si goti," Rwamba akasema. "Nisamehe lile kofi."

Jumamosi alimweleza Mwanarusi alichokiona. 

"Hapo mimi sina mikono," Mwanarusi alisema. "Usimkande. Mtu yeyote asimkande. Na asikanyagie mguu huo, hata hatua moja, mpaka mahindi yanayopandwa sasa yavunwe. Akiendelea kubeba udongo, kichwa cha mfupa kitaanguka kabisa, na hapo utakuwa na mtoto wa kubebwa mgongoni maisha yake yote. Hospitali wangemlaza, wamfunge uzito mguuni."

"Hospitali inataka pasi ya mtoto."

"Basi tafuta pasi."

Jumapili Rwamba alimkuta Kathuri nje ya kibanda cha walinzi, akikata kucha kwa kisu.

"Shemeji, mtoto wa ndugu yako ameumia nyonga. Nipe pasi nimpeleke hospitali. Kama haiwezekani nipe kibao, alale."

"Damu iko wapi?"

"Haitoki damu. Ugonjwa uko ndani."

"Nani ameuona?"

"Nimeushika kwa mikono yangu."

Walinzi wakacheka. Kathuri akatabasamu nao. "Kumbe kuni zimekusomesha. Sasa wewe ni daktari." Akapuliza kucha kwenye kisu. "Sikiliza, mke wa kaka. Ugonjwa wa ndani ni wa Mungu. Wa nje ni wa serikali. Mimi nimeajiriwa na serikali."

Rwamba alipiga magoti. Hakuwahi kumpigia mtu magoti tangu azaliwe, na alipofanya hivyo aliona uso wa yule mwanamume ukilainika, si kwa huruma, bali kama mtu aliyekuwa akingoja chakula na sasa kimeandaliwa.

"Nyumba yenye mwanamume," Kathuri akasema kwa sauti ya chini, "huwa na mtu wa kuisemea. Mimi nilikuja kuisemea yako, ukanitoa. Kesho mtoto awe kwenye mstari."

Kesho yake alikuwa kwenye mstari. Rwamba alimshika kiuno njia nzima, akibeba nusu ya uzito wake. Handakini Wawira alianguka na karai mara moja, kisha mara ya pili. Mlinzi aliyeitwa Mwirigi akaanza kushuka ukingoni na fimbo yake, bila haraka.

"Njoo hapa," Rwamba akamwambia mtoto. "Chota udongo mbele ya jembe langu. Kaa chini. Nyoosha mguu."

Wawira alikaa, akanyoosha mguu wa kulia. Rwamba akausogeza wayo kwa mguu wake mwenyewe mpaka ukingo wa nje ukatazama juu. Wawira alilitazama jembe. Akamtazama mama yake. Hakuuondoa mguu.

Mikono ya Rwamba ilikuwa imejifunza kutafuta penye maumivu ili iyatoe. Sasa aliituma itafute pale penye nyama tupu, kando ya kisigino, mbali na kano, mbali na mshipa unaopiga. Akapaona. Akashusha jembe.

Mwirigi alifika akakuta damu ikiingia kwenye udongo mwekundu na mama amemkumbatia mtoto. Akashusha fimbo. "Huyu ni wa kibao," akasema, kama mtu anayesoma alama ya ng'ombe.

Kathuri hakuwa na la kufanya. Sheria ilikuwa yake mwenyewe. Alimvalisha Wawira kibao kwa mkono wake, akasema kidonda kitakaguliwa kila wiki ya pili, na kikifunga kibao kirudi. Basi Wawira akalala. Rwamba alichimba sehemu ya watu wawili, akarudi na mikono iliyojaa malengelenge, akamwogesha mtoto kitandani na kumgeuza kwa kumshika nyonga kwa viganja vyote viwili, maana thoni ilikuwa imekwisha kuvunjika na haikuwa na haja ya kuvunjwa tena.

Tatizo la nyama tupu ni kwamba hupona upesi. Wiki ya tano kidonda kilianza kufunga. Rwamba alichemsha wembe, akamfunga mtoto macho kwa leso, akakifungua. Wiki ya tisa kilikuwa kinafunga tena. Alikaa na wembe mkononi mpaka maji yakapoa. Wawira akautoa mguu nje ya blanketi mwenyewe.

"Fanya haraka, mama," alisema, "kabla hujaogopa."

Rwamba alipomwambia Mwanarusi, yule mama alichambua mchele muda mrefu bila kuinua kichwa.

"Mimi sikukufundisha hilo."

"Wewe ilinionyesha mahali ya nyama tupu."

 Siku ile Mwanarusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama pembeni.

Mahindi yalipovunwa, Rwamba alimlaza mtoto chali, akaanza na mguu wa kushoto kama kawaida. Wa kulia bado uligeuka nje, lakini haukulia tena. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimeshika. Wawira aliinuka akitetemeka kama ndama, akatembea. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kwa upana wa kidole kimoja, vidole vikitazama nje, na angechechemea hivyo maisha yake yote. Lakini alikuwa anatembea.

Kijijini hakuna aliyeona nyonga. Waliona kovu, wakaona kuchechemea, wakaunganisha. Wanawake walimwita Rwamba Mama Jembe, wakasema alimkata mtoto kwa uzembe, wengine wakasema kwa kusudi, na hao wa pili walisema kweli bila kujua wanachosema. Hata hivyo migongo ilipowashinda walimjia, nyuma ya nyumba, mmoja mmoja. Aliwashika akianzia upande mzima. Baadhi aliwakanda. Baadhi aliwarudisha nyumbani bila kuwakanda, na hao ndio waliomchukia zaidi.

Munyi alirudi mwaka wa hamsini na tisa, amekonda, kichwa kimeingia mvi. Alipitia kwanza kwa ndugu yake. Alipofika nyumbani hakukaa.

"Nimesikia ulimkata mtoto wangu kwa jembe."

"Ndiyo," Rwamba akasema.

"Ukamkata tena kwa wembe. Si mara moja. Wenye macho waliona wembe."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Miaka mitano alikuwa ameyatayarisha maneno. Aliyapanga handakini, aliyapanga chini ya kuni. Sasa hayakutoka. Alichopaswa kusema kilikuwa juu ya goti. Angewezaje kumwambia baba habari ya paja la binti yake, lilivyokonda, lilivyogeuka mkononi mwake, alivyomfunua na kumlaza chali? Thoni aliyoivunja kwa mikono, mdomo ulishindwa kuivunja. Na hata angesema, ushahidi ungekuwa nini? Baba hawezi kuushika mguu ule akauona ukigeuka.

"Goti lilikuwa linamuuma," alisema.

"Goti," Munyi akarudia. "Goti linauma, unakata wayo." Akageuka kuutazama mlango, kama mtu anayekumbuka kwamba ana safari. Baadaye, alipooa mke mwingine na kuhamia Timau kwenye mashamba ya ngano, aliwaambia watu kwamba wa kwanza alirukwa na akili handakini, na hakuna aliyembishia.

Lakini saa ile alikuwa bado amesimama pale, na Wawira akaingia uani kutoka mtoni, debe la maji kichwani, akichechemea, bila kumwaga tone. Munyi aliangalia kovu lake. Rwamba aliangalia nyonga, kama alivyokuwa akiiangalia kila siku, akahesabu hatua zake mpaka debe lilipotua.